Namna ya kuikabili kozi ya kwanza ya kalkulasi chuoni

Wanafunzi wengi wanaoanguka kalkulasi mwaka wa kwanza hawaangushwi na kalkulasi yenyewe. Wanaangushwa na aljebra na trigonometria za sekondari, ambazo walidhani wameachana nazo siku walipomaliza mtihani wa UNEB, bodi ya mitihani ya Uganda. Chukua jibu lililopata alama 2 kati ya 10 ulisome taratibu. Mara nyingi mstari wa kwanza uko sawa, kwa sababu mwanafunzi alijua kanuni inayotakiwa. Kwenye mstari wa tatu akakata x juu na chini mahali isipokatika, na yote yaliyofuata yakaharibika. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia nyuma kidogo ya kozi.

Kabla ya mhadhara wa kwanza

Kati ya kupata barua ya udahili na kufunguliwa kwa muhula huwa kuna wiki kadhaa za nafasi. Zitumie kujipima. Keti peke yako na kalamu na karatasi kwa dakika 30, bila kikokotoo, ufanye maswali haya 7:

1. Rahisisha (x² − 5x + 6)/(x − 2).
2. Andika 1/(x + h) − 1/x kama sehemu moja.
3. Fungua mabano ya (x + h)³.
4. Andika 5/√(x³) kwa kutumia kipeo, bila alama ya kipeuo.
5. Taja sin(π/6) na cos(2π/3).
6. Tenganisha ln(x²y).
7. Tafuta x zote zinazotimiza |x − 2| < 0.5.

Majibu ni haya: x − 3 (x isiwe 2), −h/[x(x + h)], x³ + 3x²h + 3xh² + h³, 5x^(−3/2), 1/2 na −1/2, 2 ln x + ln y (x na y zikiwa chanya), na 1.5 < x < 2.5.

Ukikosa moja, rudia mada hiyo jioni moja. Ukikosa matatu au zaidi, tenga wiki 2 za mazoezi ya aljebra peke yake, na usione aibu kurudi kwenye vitabu vya Sinia ya 3 na ya 4. Maswali haya hayakuchaguliwa ovyo. La 2 na la 3 utakutana nayo utakapoambiwa utafute derivativu (kasi ya kubadilika kwa kitu) kutoka kwenye maana yake. La 4 utalihitaji kila unapotafuta derivativu au integrali (kinyume cha derivativu, na pia eneo lililo chini ya grafu) ya kipeuo. La 7 ndilo lugha ya kuthibitisha vikomo. Asiyeweza kuyafanya kwa mkono ulio mwepesi atatumia muda wote wa mhadhara akipambana na aljebra huku mhadhiri akiwa ameshahamia mada nyingine.

Hapa wanafunzi huwa wa aina mbili. Aliyesoma hisabati ya prinsipali, yaani kama somo kuu, Sinia ya 5 na 6 ameshatafuta derivativu na integrali nyingi sana. Hatari yake ni kujiamini kupita kiasi: wiki 3 za mwanzo anaona kila kitu anakijua, anaacha kuhudhuria, kisha anashtuka jaribio la kwanza likimuuliza kwa nini kanuni inafanya kazi na ni lini haifanyi. Chuo hakitosheki na jibu. Kinataka masharti ya theoremu (kanuni iliyothibitishwa), na uthibitisho. Wa pili ni aliyesoma sabumathi (hisabati ndogo ya ziada), au aliyeingia kwa diploma baada ya miaka ya kazi. Huyu anahitaji saa nyingi zaidi mwanzoni, lakini akishikilia mazoezi humkuta mwenzake katikati ya muhula, kwa kuwa mambo mapya ya chuo ni mapya kwa wote wawili.

Vikomo

Kikomo kinauliza funksheni inakaribia namba gani x inapokaribia mahali fulani. Hakiulizi thamani ya funksheni ikiwa hapohapo. Chukua (x² − 9)/(x − 3) pale x inapokaribia 3. Ukiweka 3 unapata 0/0, ambayo haina maana. Weka 2.9 upate 5.9, weka 2.99 upate 5.99, weka 3.01 upate 6.01. Kikomo ni 6, ingawa kwenye 3 yenyewe funksheni haipo kabisa.

Utaratibu wa kufuata: weka namba moja kwa moja kwanza. Ukipata namba ya kawaida na funksheni ina mwendelezo hapo (grafu yake haikatiki), umemaliza, usitafute ugumu. Ukipata 0/0, kuna kitu kinachojificha juu na chini kwa pamoja, kwa hiyo tafuta vigawo ukikate. Kama kuna kipeuo, zidisha juu na chini kwa konjugeti yake, yaani usemi uleule wenye ishara ya katikati iliyogeuzwa: (√(x + 4) − 2)/x, ikizidishwa juu na chini kwa √(x + 4) + 2, inabaki 1/(√(x + 4) + 2), na x inapokwenda 0 jibu ni 1/4. Ukipata namba isiyo sifuri juu ya 0, funksheni inapaa au inazama bila mwisho. Angalia ishara yake upande wa kushoto na wa kulia kabla ya kuandika chochote.

Baadaye utafundishwa kanuni ya L'Hôpital, ya kutafuta derivativu ya juu na ya chini kila moja peke yake kisha kikomo cha sehemu mpya, na wengi wakishaipata huitumia kila mahali. Sharti lake ni 0/0 au infiniti juu ya infiniti. Jaribu (x + 1)/(x + 2) pale x inapokwenda 0: ukiweka namba unapata 1/2, jibu sahihi. Ukilazimisha L'Hôpital unapata 1/1, yaani 1, ambalo ni kosa. Andika pembeni aina ya kikomo, "0/0", kabla ya kuitumia. Msahihishaji anaitafuta alama hiyo.

Jambo dogo linalokula alama: endelea kuandika "lim" kwenye kila mstari mpaka pale unapoweka namba, kisha uiache. Ukiiacha mapema unadai vitu viwili ni sawa wakati havijawa sawa. Ukiibakiza baada ya kuweka namba, umeonyesha kwamba hujui kilichotokea.

Kwenye kozi za shahada ya sayansi na hisabati utadaiwa uthibitisho wa epsiloni (ε) na delta (δ): kuonyesha kwamba funksheni hukaa ndani ya umbali ε wa kikomo kila x inapokuwa ndani ya umbali δ. Watu huuogopa kwa sababu huusoma kuanzia juu kwenda chini kama ulivyoandikwa ubaoni, ilhali hutafutwa kuanzia chini kwenda juu. Tuseme unathibitisha kwamba kikomo cha 3x + 1 pale x inapokwenda 2 ni 7. Kwenye karatasi ya rafu anza na unachotaka: |3x + 1 − 7| < ε. Upande wa kushoto ni 3|x − 2|. Kwa hiyo inatosha |x − 2| iwe ndogo kuliko ε/3. Sasa geuka uandike kwa usafi: "Kwa ε yoyote chanya, chagua δ = ε/3. Ikiwa 0 < |x − 2| < δ, basi |3x + 1 − 7| = 3|x − 2| < 3δ = ε."

Kwa x² pale x inapokwenda 3 kuna hatua moja ya ziada. |x² − 9| ni |x − 3| mara |x + 3|, na hiyo |x + 3| inabadilika. Ibane: ukikubaliana kwanza kwamba δ haitazidi 1, basi x iko kati ya 2 na 4, na |x + 3| iko chini ya 7. Chagua δ iwe ile iliyo ndogo zaidi kati ya namba mbili, 1 na ε/7. Ukiielewa mifano hii miwili kiasi cha kuiandika bila kutazama, umevuka sehemu kubwa ya mada hii.

Kikokotoo kiwe kwenye rediani

Kanuni isemayo derivativu ya sin x ni cos x ni kweli kwa rediani tu. Inatoka kwenye kikomo cha sin x/x, ambacho ni 1 pale x inapokwenda 0. Kikokotoo chako kikiwa kwenye digrii, sin 0.1 gawanya kwa 0.1 kitakupa 0.01745, yaani π/180, na jibu lolote la trigonometria utakalolikagua litakupotosha. Kikokotoo kilichotumika sekondari mara nyingi kimebaki kwenye digrii. Kibadilishe siku ya kwanza, na kabla ya kila mtihani kikague: sin(π/2) lazima itoe 1.

Derivativu

Swali la kutafuta derivativu kutoka kwenye maana yake ni la kawaida sana, na ni alama za bure kwa aliyejiandaa. Maana yake ni kikomo cha [f(x + h) − f(x)]/h pale h inapokwenda 0. Kwa 1/x, chukua [1/(x + h) − 1/x] na uigawe kwa h. Juu tayari unajua ni −h/[x(x + h)], h inakatika, inabaki −1/[x(x + h)], na h inapokwenda 0 unapata −1/x². Fanya hivyo pia kwa x², x³, √x na sin x mpaka mkono uzoee. Ukifika mwisho na h bado iko chini peke yake, ujue aljebra imekosewa. Rudi nyuma, usiifute kimyakimya.

Kisha zinakuja kanuni: ya zao, ya kugawanya, ya mnyororo. Kuzikariri si kazi kubwa. Kazi ni kujua ipi itangulie, na kuna njia moja isiyokosea. Jiulize: kama ningepewa x kuwa namba na ninabonyeza kikokotoo, tendo la mwisho lingekuwa lipi? Kwa x² sin x tendo la mwisho ni kuzidisha, basi anza na kanuni ya zao: 2x sin x + x² cos x. Kwa sin(x²) la mwisho ni sin, basi ni kanuni ya mnyororo: cos(x²) · 2x. Kwa sin³(2x) la mwisho ni kupandisha kipeo cha 3, kabla yake sin, kabla yake kuzidisha kwa 2. Shuka kwa mpangilio huo: 3 sin²(2x) · cos(2x) · 2, yaani 6 sin²(2x) cos(2x). Ile 2 ya mwisho ndiyo inayosahaulika kuliko kitu chochote kwenye kozi hii.

Makosa mengine yanayojirudia: kuandika derivativu ya zao kama zao la derivativu (2x cos x kwa mfano wa hapo juu, kosa kabisa), kuichukulia 2^x kama x² na kuandika x · 2^(x − 1), wakati jibu ni 2^x ln 2, maana x iko kwenye kipeo, na kuivunja √(x² + 9) kuwa x + 3. Hilo la mwisho lipime kwa x = 4: kushoto 5, kulia 7. Kila unapotilia shaka hatua ya aljebra, weka namba ndogo pande zote mbili. Inachukua sekunde 10.

Maswali ya viwango vinavyohusiana

Hapa ndipo wenye kukariri hukwama, hivyo tulifanye moja kikamilifu. Mahindi yanamwagika kutoka kwenye mashine pale Kisenyi, Kampala, mita za ujazo 0.1 kwa dakika, yakifanya rundo lenye umbo la koni ambayo kimo chake kila wakati ni sawa na nusu kipenyo cha kitako chake. Kimo kinaongezeka kwa kasi gani rundo likiwa na mita 1?

Chora kwanza. Ujazo wa koni ni πr²h/3. Kwa kuwa r = h, inakuwa πh³/3, na sasa kuna kibadilika kimoja tu. Tafuta derivativu ya pande zote mbili kwa wakati t: dV/dt = πh² · dh/dt. Ni sasa tu unaruhusiwa kuweka namba: 0.1 = π · 1 · dh/dt, kwa hiyo dh/dt ni karibu mita 0.032, au sentimita 3.2 kwa dakika. Rundo likifika mita 2, hesabu hiyohiyo inatoa sentimita 0.8. Mahindi yanamwagika kwa mwendo uleule, lakini kimo kinapanda polepole kwa sababu rundo limepanuka.

Kosa kuu ni kuweka h = 1 kabla ya kutafuta derivativu. Ukifanya hivyo ujazo unakuwa π/3, namba isiyobadilika, na derivativu yake ni 0. Namba ya kitu kinachobadilika huwekwa mwishoni. La pili ni vipimo: lita zikichanganyika na mita za ujazo jibu linapotea mara 1000. Geuza vyote kabla ya kuanza.

Kikubwa na kidogo kabisa

Ukipewa funksheni kwenye eneo lenye mipaka, derivativu sawa na 0 haitoshi. Kwa x³ − 3x kuanzia 0 hadi 3, derivativu ni 3x² − 3, inayotoa x = 1 (ile −1 iko nje ya mipaka, iache). Sasa pima sehemu zote: kwenye 0 ni 0, kwenye 1 ni −2, kwenye 3 ni 18. Kikubwa kabisa ni 18, na kiko mpakani, mahali ambapo derivativu si 0. Kumbuka pia kwamba x³ ina derivativu 0 pale x = 0 lakini hapo si kilele wala bonde, na |x| ina bonde pale 0 bila kuwa na derivativu hapo. Mifano hii miwili hupenda kutokea kwenye maswali ya kweli au si kweli.

Integrali

Integrali ni ngumu kuliko derivativu kwa sababu moja: hakuna utaratibu mmoja unaofanya kazi kila mara. Unahitaji kuona umbo, na kuona umbo huja kwa wingi wa mazoezi. Integrali 60 ulizozifanya kwa mkono zitakufaa kuliko video 60 ulizotazama.

Kwa njia ya kubadilisha, tafuta kitu cha ndani ambacho derivativu yake iko nje. Integrali ya x(x² + 1)³ kutoka 0 hadi 2: weka u = x² + 1, hivyo du = 2x dx. Badilisha mipaka hapohapo: x = 0 inatoa u = 1, x = 2 inatoa u = 5. Inakuwa nusu ya integrali ya u³ kutoka 1 hadi 5, yaani (625 − 1)/8 = 78. Mwenye kusahau kubadilisha mipaka anaweka 0 na 2 kwenye u, anapata 2, na hawezi kujua kwamba amekosea.

Theoremu ya Msingi ya Kalkulasi, inayokuruhusu kupata integrali kwa kuweka mipaka kwenye funksheni ambayo derivativu yake ndiyo uliyopewa, ina sharti la mwendelezo, na wahadhiri hulipenda. Jaribu integrali ya 1/x² kutoka −1 hadi 1. Ukitumia −1/x bila kufikiri unapata −2. Lakini 1/x² ni chanya kila mahali. Eneo lililo juu ya mhimili haliwezi kuwa hasi. Tatizo ni 0: funksheni inapaa bila mwisho hapo, mwendelezo umekatika, na theoremu haiwezi kutumika. Kabla ya kuweka mipaka, angalia kama asili ya sehemu (namba ya chini) inakuwa 0 ndani yake.

Usiache dx wala + C, namba isiyobadilika inayoongezwa kwenye integrali isiyo na mipaka. Hiyo C inaonekana kitu kidogo sasa, lakini ukifika kwenye milinganyo ya diferensiali (milinganyo yenye derivativu ndani yake) ndiyo inayobeba hali ya mwanzo ya tatizo. Bila hiyo jibu lote ni kosa.

Wiki ya kawaida

Kwa kila saa ya mhadhara tenga saa 2 za kwako. Siku hiyohiyo ya mhadhara, kabla ya kulala, funga notisi na ufanye upya mifano ya mhadhiri kwenye karatasi tupu. Ukikwama tazama mstari mmoja tu, funga tena. Kusoma mfano uliokwisha kufanywa kunatoa hisia ya kuelewa ambayo huyeyuka kwenye chumba cha mtihani. Nunua kaunta buku moja kwa makosa tu: upande wa kushoto swali na hatua uliyokosea, kulia sababu yake na hatua sahihi. Baada ya wiki 6 utaona makosa yako ni ya aina 4 au 5 zinazojirudia, na hayo ndiyo ya kusoma kabla ya jaribio.

Kundi la majadiliano liwe la watu 3 hadi 5, na kila mtu aje akiwa ameshajaribu maswali. Kundi ambalo mmoja anaandika ubaoni na wengine wananakili linamsaidia huyo mmoja. Kwenye simu, GeoGebra ni bure na ina programu inayofanya kazi hata bila intaneti. Itumie kuchora grafu na kukagua kikomo. Programu zinazopigwa picha swali na kutoa hatua zote zitumie kukagua tu, baada ya kumaliza.

Hesabu alama zako mapema. Ikiwa kozi yako ina 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani, na kufaulu ni 50, aliyeingia na 22 anahitaji 28 kati ya 60. Aliyeingia na 12 anahitaji 38, na huo si mtihani wa kubahatisha. Riteki, yaani kurudia kozi uliyoanguka, husubiri kozi ifundishwe tena, na huku nyuma kozi zinazotegemea kalkulasi zinakungoja. Muone mhadhiri baada ya jaribio la kwanza, ukiwa na karatasi yako mkononi na swali mahususi.

Ndani ya mtihani

Pata mitihani ya miaka iliyopita kwenye maktaba ya idara au maduka ya fotokopi karibu na chuo, na ufanye angalau 3 kwa saa kamili, bila kusimama. Ikiwa mtihani ni wa saa 3 na unatakiwa kujibu maswali 5, acha dakika 15 za kukagua. Kila swali lina dakika 33. Soma karatasi nzima kwanza, anza na lile unalolijua vizuri, na likikukwamisha kwa dakika 5 bila hatua mpya, acha nafasi uende mbele. Andika hatua zote, kwani alama nyingi ziko kwenye njia.

Dakika 15 za mwisho usizitumie kusoma tu. Kila integrali isiyo na mipaka itafutie derivativu uone kama inarudi kwenye swali. Kila kikomo kiwekee namba iliyo karibu sana kwenye kikokotoo. Kila kikubwa na kidogo, hakikisha umepima mipaka. Kwenye maswali ya maneno, tazama ishara na vipimo vya jibu: kimo cha rundo linaloongezwa mahindi kikitoka hasi, kuna alama ya kutoa iliyopotea mistari michache juu, na bado una muda wa kuitafuta.